Maziwa ya Jioni

Wisconsin, Marekani
14 Septemba 1958

Mama Chepngeno mpenzi,

Chamge. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na ng'ombe, na mama yangu na goti lake. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi, ambayo wenyeji wanasema bado haijaanza. Kama hii ndiyo haijaanza, basi ikianza mniombee.

Masomo yanaendelea vizuri sana. Nimekuwa mwanafunzi mwenye mvi. Darasani nakaa na vijana ambao ningeweza kuwazaa, na wa kwanza kunisalimu alidhani mimi ndiye mwalimu, akaniuliza mtihani ni lini. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikuacha kazi yangu ya ukaguzi wa vyama vya ushirika, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, ili nije nione haya kwa vijana. Nilikuja kutafuta udaktari wa mambo ya biashara, na nitaupata.

Kitabu ninachoandika, kile cha kueleza kwa nini Chama chetu cha Maziwa cha Kapsoiyo hakikui, kiko mezani kwa Profesa Halvorsen. Ni mzee mwema, mtoto wa mkulima. Ana kaswali kadogo tu. Anasema ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku. Ya asubuhi ameyaona katika hesabu za chama, je, ya jioni yako wapi? Nikamwambia watoto hunywa. Akacheka, akasema basi watoto wa Kapsoiyo ndio wanene kuliko wote duniani. Hebu muulize Kiplangat, maana yeye ndiye mwenyekiti na mambo ya chama anayajua. Si jambo kubwa.

Wabusu watoto.

Mumeo,
Micah Kipkemei


Kapsoiyo, kwa njia ya Posta ya Rongai
9 Oktoba 1958

Baba Chepngeno,

Chamge mising. Sisi wazima. Goti la mama linauma mvua ikinyesha, na isiponyesha linauma pia, kwa hiyo hakuna jipya.

Kiplangat nimemuuliza kama ulivyoagiza. Alikuwa amekaa nje ya ofisi ya chama, mguu mmoja juu ya kopo la maziwa, unamjua. Akasema, "Mwambie Micah watoto wanakunywa." Basi jibu ndilo hilo. Mwambie Profesa wako watoto wetu ni wanene.

Lakini wewe nawe, mbona unauliza swali kama hilo, mwanamume mzima mwenye akili zake? Watu wakisikia ulivuka bahari kwenda kuuliza habari za maziwa ya jioni, watacheka mpaka wakae chini.

Chepngeno amerudi shule ya bweni kwa muhula wa tatu. Karo imelipwa, sare mpya anayo, usiwe na wasiwasi. Jirani yetu Jelagat ananiuliza kama umekwisha oa mzungu. Nimemwambia hakuna mzungu atakayemchukua mzee anayekoroma namna ile.

Vaa soksi mbili mbili.

Mkeo,
Cheptanui


Wisconsin
2 Novemba 1958

Mama Chepngeno,

Nilikudanganya. Masomo hayaendelei vizuri. Profesa hakuniuliza kaswali. Alinirudishia kitabu chote. Anasema nimeandika vizuri juu ya barabara mbovu, na makopo machache, na wakulima wasiosoma, lakini nilikikagua kile chama miaka kumi na moja nikaona nusu ya ng'ombe. Nina mpaka Mei. Mei ikipita bila jibu, msaada wa masomo umekwisha na mimi narudi mikono mitupu. Nitawaambia nini wale walionisindikiza stesheni ya Nakuru kwa nyimbo? Mzee wa kanisa alinivika blanketi lake mwenyewe. Ninalo hapa, na kila nikijifunika naona aibu.

Na kuna jambo lingine. Karo ya Chepngeno. Mshahara wangu ulikoma siku niliyoondoka. Ng'ombe hukuuza, ungeniambia. Sikuulizi kwa ubaya. Juzi nilikuwa naandika kwamba wanawake wa Kapsoiyo hawana shughuli yoyote ya biashara, na kalamu ikakataa. Nikakumbuka ile sare mpya. Cheptanui, unalipa kwa pesa gani?

Mumeo,
Micah


Kapsoiyo
28 Novemba 1958

Baba Chepngeno,

Kwa hiyo "masomo yanaendelea vizuri sana." Haya! Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliitupa kwenye kuni, kisha nikairudia nikaiokota. Yaani tumeishi miaka yote hii halafu unanificha shida kama mimi ni mgeni wa kupita? Ukianguka huko, kishindo kitasikika hapa hapa nyumbani. Usinifanyie hivyo tena.

Sasa kaa chini unisikilize.

Maziwa ya asubuhi ni ya mwanamume. Hayo unayajua, maana yanaingia kopo la chama na pesa zake zinaingia mfuko wako. Maziwa ya jioni ni ya mwanamke, tangu bibi za bibi zetu. Mwanamume hayaulizi. Mama yako mwenyewe alikufundisha usitazame vibuyu vinavyotundikwa chumba cha ndani, na anayetazama anaitwa mchungulia vibuyu, na jina hilo linamfuata mpaka kaburini. Kwa hiyo hukuuliza, wala Kiplangat hajauliza, wala baba zenu. Sikulaumu. Ulilelewa kwa adabu.

Watoto hunywa, ndiyo. Lakini hawa ng'ombe wa gredi mliotuletea wanatoa maziwa kushinda matumbo ya watoto. Yanayobaki tunayalaza kwenye vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa mpaka yawe mursik, maziwa lala yetu. Jelagat anakusanya ya kilima kizima, tunashuka nayo stesheni ya Rongai, na Makokha, gadi wa treni ya mizigo, anayafikisha Nakuru kwenye landi za reli, wanakokaa wafanyakazi. Watu wa kwao Magharibi wanapenda maziwa lala kuliko nyama. Vibuyu vinarudi vitupu, vimeoshwa, hakijawahi kupotea hata kimoja. Hiyo ndiyo karo. Hiyo ndiyo sare. Na lile koti zito ulilopandia ndege, ulidhani lilitoka wapi?

Haya nimekuambia wewe, mume wangu, ili usianguke. Sikumwambia Kiplangat. Wanaume wakijua ni mengi hivi, watayataka. Andika kwa akili.

Mkeo,
Cheptanui


Wisconsin
4 Januari 1959

Cheptanui wangu!

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye theluji, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja mpita njia akaniuliza kama nahitaji msaada. Koti! Mimi nikidhani ni akiba ya mshahara wangu! Kumbe Kapsoiyo kuna vyama viwili vya maziwa, na mimi mkaguzi nilikagua kimoja, tena kile kidogo.

Nimeandika sura nzima. Profesa aliisoma nikiwa nimekaa mbele yake, na alipomaliza akainuka akafunga mlango, akasema, "Sasa una kitabu." Mama Chepngeno, nilitaka kumkumbatia mzee wa watu.

Ila utafiti unataka shahidi wa pili. Haufai kusimama kwa neno la mtu mmoja, tena mke wa mwandishi. Kwa hiyo nimemwandikia Kiplangat barua ya heshima, kama mwenyekiti, athibitishe kwamba maziwa ya jioni yapo na yanauzwa. Usihofu, jina lako sikulitaja.

Mumeo mwenye furaha,
Micah


Kapsoiyo
27 Januari 1959

Micah,

Hukutaja jina langu. Ni mke wa nani mwingine hapa ana mume Marekani anayeuliza maziwa ya jioni?

Kiplangat aliisoma barua yako mbele ya mkutano, kwa sauti ile anayosomea Biblia. Wanaume wakatazamana. Wakapitisha pale pale: kuanzia mwezi wa pili lori la chama litapita na jioni, kila nyumba itoe maziwa, yaandikwe kwa jina la mwenye boma.

Jelagat amepita mlangoni kwangu akiangalia upande mwingine. Kisimani nikifika wanawake wananyamaza. Chepngeno atamaliza muhula huu, unaofuata sijui.

Nilikupa kibuyu changu ushike, ukakipeleka barazani. Usiniandikie kwa sasa.

Cheptanui


Wisconsin
15 Februari 1959

Mama Chepngeno,

Umesema nisiandike. Naandika, na ukitaka ichome.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia naiondoa ile sura. Akaniuliza nitabaki na nini. Nikamwambia nitabaki na nusu ya ng'ombe, kama mwanzo, na naelewa kwamba nusu ya ng'ombe haipewi udaktari. Alinitazama sana. Akasema hanisukumi, lakini hataufunga mlango kabla ya Mei kufika. Nikamshukuru. Mimi upande wangu nimekwisha ufunga.

Kiplangat nimemwandikia tena. Nimemwambia kanuni za chama niliziandika mimi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba maziwa ya jioni ni ya chama. Sijui kama atasikia. Anasikia vizuri zaidi akipewa kuliko akinyimwa.

Kuna jambo lingine nilikuficha, na leo namaliza yote. Jumamosi na Jumapili nafanya kibarua kwa mkulima mmoja hapa, pesa za chakula hazitoshi. Nakamua ng'ombe. Ndiyo, mimi, baba wa watoto wanne. Mashine inakamua, mkono unamalizia. Mwanzo walinipiga mateke mpaka nikajua kusali upya. Sikukuambia kwa sababu kwetu mwanamume mwenye mke hashiki kiwele, na niliogopa watu wangenicheka. Sasa kila nikikaa kwenye kigoda nafikiria mikono yako. Jioni zote zile ulikuwa unakamua, na mimi nikija na kalamu naandika "yamenyweka."

Nisamehe. Afadhali nirudi bila udaktari niweze kukutazama machoni.

Micah


Kapsoiyo
30 Machi 1959

Baba Chepngeno,

Barua yako sikuichoma. Nilimsomea mama yako. Nilipofika pale pa kukamua alicheka mpaka akasahau goti, akaniambia nirudie. Nimerudia mara nyingi.

Sasa sikia ya huku.

Ile wiki ya kwanza ya Februari Jelagat alikuja kwangu. Hakukaa. Akasema, "Wewe ndiye uliyefungua mlango, njoo utusaidie kuufunga." Tukakutana wote kisimani, hata mke wa Kiplangat, na tukakubaliana jambo moja tu.

Lori lilipokuja jioni, hakuna maziwa. Likaja tena, hakuna. Tumewaachia ndama wanyonye! Baba Chepngeno, ungewaona ndama wa Kapsoiyo! Wanatembea kwa taabu kwa shibe. Mwanamume akiuliza tunamwambia, "Ng'ombe amezuia maziwa, bwana, sijui ana nini." Dereva wa lori akawa anakuja, anapiga honi, anasinzia, anarudi zake Rongai na makopo yakigongana matupu.

Wanaume wakasema sawa, watakamua wenyewe. Kiplangat akashika ndoo mbele ya watu, akakunja na suruali. Yule ng'ombe wake mweusi akamwacha akae vizuri kwanza, ndipo akarusha teke, ndoo huko, mwenyekiti huko. Hatukucheka pale, tuna adabu. Tulingoja tufike kisimani.

Na chai ikawa ya turungi kila nyumba, maana maziwa ya chai ndiyo yale yale ya jioni. Mwanamume wa kwetu atavumilia njaa na atavumilia vita, lakini chai bila maziwa, hapana. Hata mchungaji alikuja kututembelea akapewa ya turungi, akaitazama ndani ya kikombe kama mtu aliyefiwa.

Mwisho Kiplangat aliitisha mkutano, na safari hii tukaitwa. Tukakaa mbele. Mama yako akasimama na mkongojo wake, akasema, "Kama lori linataka maziwa ya jioni, lije liyanunue kwa mwenyewe." Wakabisha, wakabisha, mmoja akataja kanuni, na Kiplangat mwenyewe, akiona haya, akatoa barua yako mfukoni akasema kanuni haisemi hivyo, Micah ameandika. Kwa hiyo ile barua ya pili ilisaidia, nakupa haki yako. Wakakubali: maziwa ya jioni ni ya mwanamke. Akipenda kuyatia kwenye lori, yaandikwe kwa jina lake na alipwe mkononi mwake. Akipenda kumpa Makokha, ampe. Kiplangat alipoanza kuandika alikwama kwenye jina la mkewe mwenyewe. Hakuwa amewahi kuliandika mahali popote. Ilibidi mke amtajie herufi.

Jelagat sasa anapita kwangu akiangalia upande huu. Chepngeno anarudi shule.

Kuhusu kitabu chako, wanawake wamenituma. Wanasema jambo limekwisha toka nje, basi litoke likiwa zima. Irudishe ile sura. Andika maziwa ni ya nani. Andika na ndama. Na Jelagat anataka jina lake liandikwe, hataki kuitwa "mwanamke mmoja." Fanya haraka, Mei haimngoji mtu.

Mimi nilikusamehe pale uliposema unakamua. Usijivune.

Mkeo,
Cheptanui


Wisconsin
7 Juni 1959

Mama Chepngeno,

Barua yako ilinifikia mwisho wa Aprili. Niliipeleka kwa Profesa mbio, sikuvaa hata kofia. Nikamtafsiria yote, na ya ndama nikamtafsiria mara mbili. Akanyanyua macho akasema, "Mlango uko wazi, ingia ukaandike." Nikaandika. Nilipiga taipu mpaka vidole vikakataa kushika kijiko.

Wiki iliyopita waliniita mbele ya meza ndefu. Mmoja wao, mkali, hajatabasamu tangu azaliwe, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba desturi ya wanawake ilikuwa na nguvu kuliko amri ya chama. Nikamjibu, "Ndama, bwana." Halvorsen akaanza kucheka, wakafuata wengine, na mwisho yule mkali naye. Wakanitoa nje nikangoje. Nilisimama ukumbini nikiwa nimeshika lile blanketi la mzee wa kanisa, nililibeba, usiniulize kwa nini. Mlango ukafunguliwa, mtu akasema, "Daktari Kipkemei, karibu." Nikageuka nyuma kuona anayeitwa.

Nimeupata, Cheptanui. Tumeupata. Nililia mbele yao na sikujali.

Mwambie Jelagat jina lake liko, limeandikwa sawasawa. La kwako liko ukurasa wa kwanza.

Nitafika Agosti. Nafasi yangu ya ukaguzi wameniandikia kwamba amepewa kijana. Niulizie kwa Kiplangat kama chama kina kazi yoyote. Mtu wa umri wangu kurudi na shahada kubwa namna hii halafu aanze kubisha hodi, naona haya kidogo, lakini moyo ni mwepesi.

Mumeo,
Micah


Kapsoiyo
29 Juni 1959

Baba Chepngeno,

Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Mama yako alicheza, sasa hawezi kushuka kitandani, lakini anasema goti lake lilifanya vizuri. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikarudi kupika. Nina furaha, mume wangu. Sijui niiweke wapi.

Kiplangat anasema chama hakina nafasi. Nadhani anaogopa utauliza maswali mengine.

Lakini sisi wanawake tumeanzisha chama chetu, Chama cha Maziwa ya Jioni, na tunatafuta seketari. Tunataka mtu wa hesabu, mtu wa kuandika barua za Kiingereza huko serikalini. Wamenichagua mimi mwenyekiti. Nilipotaja jina lako Jelagat akasimama akasema mume wa mwenyekiti hapiti mlango wa nyuma, alete maombi kama wengine. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Yuko mwombaji mwingine, Mzee Nicodemus, yule mwalimu aliyestaafu. Ana mwandiko mzuri sana. Kwa hiyo jitahidi. Eleza elimu yako, ujuzi wako, na kazi za mikono unazozijua.

Mkeo,
na kwa jambo hili Mwenyekiti,
Cheptanui


Wisconsin
12 Julai 1959

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Maziwa ya Jioni,
Kapsoiyo.

Bibi Mwenyekiti,

KAZI YA SEKETARI

Kwa heshima kubwa naomba kazi iliyotajwa hapo juu.

Elimu: udaktari wa mambo ya biashara, ambao nisingeupata bila wanachama wenu na ndama wao.

Ujuzi: nimekagua maziwa ya asubuhi kwa miaka mingi. Ya jioni nimeanza kujifunza juzijuzi, na mwalimu wangu ni mkali. Sitachungulia kibuyu bila kualikwa, wala sitamwandikia mtu yeyote barua juu ya chama bila kukisomea chama kwanza.

Mwandiko wangu, kama mnavyouona, hauufikii wa Mzee Nicodemus.

Kazi za mikono: najua kukamua, asubuhi na jioni. Ya asubuhi mtaamua wenyewe yaende wapi. Ya jioni nitakupa wewe mkononi.

Ndimi mtumishi wenu mtiifu,
Micah Kipkemei